Sahani ya Baba

Kli. Gizani nilisikia sahani ikitua mezani. Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo, hurudi kwangu harufu ya nyasi kavu tunazotandika usiku huo chini ya kitambaa cha meza na ya supu ya viazisukari vyekundu.

Alikuwa mama mkwe wangu, Apolonia, akiandaa Mkesha wa Krismasi, ule wa kwanza baada ya vita. Kwetu, usiku huo taa hatuiwashi mpaka mtoto aione nyota ya kwanza. Binti yangu Tekla, wa miaka mitano, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari vitani, alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha. Baba yake, Bogumił, alikaa kando ya jiko kama mgeni aliyeomba maji. Alikuwa amerudi wiki ile kutoka kambi ya mateka Ujerumani, na Tekla alimwita “yule bwana.” Mimi niliomba jambo moja tu: amwite baba.

“Nyota!”

Nikawasha taa. Apolonia, kwa mazoea ya vita, alikuwa amepanga sahani nne: tatu zetu sisi wanawake na Tekla, na ile tupu ambayo kwa desturi huwekewa mgeni asiyetarajiwa. Bogumił akaketi penye ile tupu.

“Ondoka! Hapo pa baba!” Tekla akapiga kelele.

Ni mimi niliyemwambia, kila Krismasi ya vita, kwamba sahani ile tupu ni ya baba.

“We mtoto!” Apolonia akafoka. “Huyu nimemzaa mimi. Hayo masikio ya popo huyaoni? Na wewe unayo!”

“Mwache, Mama.” Bogumił alisimama. “Tekla, unamjua Siwek?”

“Farasi wetu. Bibi husema aliiba kofia za watu. Jeshi likamchukua.”

“Tulitwaliwa siku moja, mimi na yeye. Walituita sisi askari wa akiba na makapi ya ngano bado kichwani. Divisheni yetu haikuwahi hata kukusanyika: mizinga treni hii, sisi ile, na wapishi hatukuwaona kamwe! Basi, kapteni akasimama kutuhutubia. Siwek akamnyofoa kofia, akaitafuna.”

“Yote?”

“Akabakiza kifungo. Lucjan wa kule kinuni alicheka mpaka akakaa chini.”

Tekla akacheka, mkono mdomoni. Bogumił hakucheka.

“Halafu tukatawanywa msituni. Lucjan hakutoka. Siwek nilimvua hatamu, nikamwambia, nenda nyumbani.”

“Hakuja,” Tekla alinong'ona.

“Najua, mwanangu.”

Akachukua mkate mwembamba wa rangi ya waridi, ule tunaowapa wanyama usiku huo, akaumega. “Nusu ya mbuzi wa bibi. Nusu ya Siwek.” Nusu ya pili akaiweka kwenye sahani tupu, akabaki amesimama, hajui pa kwenda.

Tekla akateremka kitini. Akafungua kabati, akatoa sahani nyingine, akaifuta kwa mkono wa gauni lake jipya. Sikumkanya. Akaiweka kando ya yake.

“Baba, keti hapa.”