Koti Kwenye Kiti

Alfajiri ya Jumamosi Bingwa alivua koti lake jeupe, akalitundika mgongoni mwa kiti cha ofisini, akawasha taa na kuuacha mlango nusu wazi. Miwani ya akiba akaiweka juu ya gazeti la juzi. Mtu akichungulia angesema daktari katoka sasa hivi, yuko wodini, anarudi. Koti likiwepo, Bingwa yupo. Hivyo ndivyo hospitali nzima ilivyojua.

Walimwita Bingwa kwa sababu ndiye pekee. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani: moyo, figo, mapafu, presha, sukari, vyote vya wilaya nzima vilimsubiri mwanamke mmoja mwembamba mwenye raba miguuni. Jina lake lilikuwa kwenye kibao cha mlangoni, lakini nani alikuwa na haja nalo?

Leo hakutaka kwenda kwenye kibarua chake cha jijini. Kwenye kitanda cha dirishani alilala fundi baiskeli mmoja, kijana bado, aliyeletwa akihema vibaya, sukari imepanda mpaka damu imechachuka.

"Sista, huyu wa dirishani simwamini," alimnong'oneza muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima aliyemtunzia siri yake. "Insulini inashusha sukari, lakini inashusha na potasiamu. Ikishuka sana, moyo unagoma. Mpimeni asubuhi hii hii."

"Tumpime na nini, Daktari? Maabara haina kemikali tangu wiki iliyopita."

"Basi muulizeni habari za miguu. Akisema inalegea, nipigie hapo hapo."

Sista alimtazama. "Si uache tu leo?"

"Mwenye nyumba kanipa mpaka Jumatatu niwe nimelipa kodi. Nikikosa, anatoa vitanda nje, watoto wakiwa wamelala juu yavyo."

Ngoja nikueleze, maana watu husikia daktari bingwa wakadhani pesa anazifagia. Mshahara wake wa serikali ni sawasawa na wa bingwa aliyeko jijini, hata senti haizidi. Ila wa jijini akitoka kazini mchana anaingia hospitali binafsi, jioni ana kliniki yake, mwisho wa mwezi anashika mara nne ya anachoshika huyu. Huku wilayani hakuna hospitali binafsi, kuna duka la dawa lenye paka. Kwa hiyo serikali iliwapa wa huku posho ya mazingira magumu, na Bingwa alikuja kwa ajili ya posho hiyo, tusidanganyane. Halafu barabara ikawekwa lami. Barua ikaja: mazingira si magumu tena, posho imesitishwa. Lami hiyo hiyo ikaleta wafanyabiashara, na kodi za nyumba zikapaa. Haya! Wagonjwa ni wale wale, maabara ni ile ile, lakini kwa kuwa wakubwa sasa wanafika bila kuchafua viatu, ugumu umekwisha. Aliomba uhamisho, akajibiwa haiwezekani, wilaya inahitaji bingwa.

Ndiyo maana kila Jumamosi alipanda gari la magazeti lililokuwa likirudi jijini tupu, akafanya kibarua cha siku katika hospitali binafsi. Mtumishi wa serikali akikamatwa anafanya hivyo siku ya zamu, kazi hana, na bingwa akiwa mmoja kila siku ni zamu yake. Njia nzima alikaa ameshika simu mkononi. Kila gari la serikali lililowapita, aliinamisha kichwa kana kwamba anafunga kamba za kiatu.

Huko jijini sakafu zilinukia dawa ya limau na maabara ilitoa majibu kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa shati. Potasiamu? Walipima hata ya mtu aliyekuja na mafua. Bingwa alimpima presha mzee mmoja tajiri, akajikuta anamuuliza kama miguu yake imelegea.

"Miguu? Mimi nimekuja kwa ajili ya kizunguzungu, Daktari."

"Samahani, baba."

Mwenzake wa darasa, aliyekuwa akinakili majibu yake chuoni na sasa ana magari mawili, alimkuta kwenye korido. "Dada, hama huko! Mimi mshahara wa serikali naununulia mafuta ya gari tu. Njoo, nafasi ipo."

"Nikiondoka, watabaki na nani?"

"Watabaki na hao waliowaletea lami," alisema, akacheka. Bingwa hakucheka, kwa sababu simu ilikuwa inatetemeka mfukoni.

"Daktari, miguu imelegea," Sista alisema kwa sauti ya chini sana. "Na pumzi inakuwa fupi."

"Simamisheni insulini. Potasiamu ya chupa ipo? Itieni kwenye dripu, polepole, polepole kabisa."

"Ipo. Daktari wa zamu anaogopa. Anasema hajawahi, anasema ikienda kasi inaua."

"Ni kweli, inaua. Basi mpakieni kwenye gari la wagonjwa sasa hivi, mleteni huku, nitampokea mwenyewe!"

"Gari lilikuwepo, Daktari. Lilikuwa linampeleka mama mjamzito, nafasi ya pili ilikuwa wazi. Mke wa fundi akakataa. Akasema mume wangu haendi popote, bingwa yupo, nimeona koti lake."

"Sasa si umwambie sipo!"

"Nimwambieje? Wageni wa wizara wamekuja bila taarifa. Mganga Mkuu kawaleta mpaka mlangoni kwako, kawaonyesha koti, kasema bingwa wetu yuko raundi. Mke wa fundi kasimama hapo hapo kasikia kwa masikio yake. Nilimkonyeza, maskini, akaniuliza kama jicho linaniuma. Gari limeshaondoka."

Bingwa alianza kumweleza namna ya kuhesabu matone ya dripu, tone kwa tone. Katikati mtandao ukakatika. Akapiga, haupatikani. Akapiga tena. Kwa haraka akabonyeza namba ya mwenye nyumba kwa makosa, naye akapokea upesi: "Eeh, Daktari, umepata?"

Meneja wa zamu alimkuta anachukua mkoba. "Ukiondoka kabla ya jioni hulipwi, unajua utaratibu."

"Najua."

Alikodi teksi kwa pesa aliyokuwa ameitenga ya kodi. Dereva alitaka kuongea habari za mpira. Bingwa alikuwa anahesabu matone kwa midomo, bila sauti, kana kwamba akiacha kuhesabu, huko nako dripu itasimama. Aliogopa simu ikiita, na aliogopa isipoita. Aliwaogopa wageni wa wizara, na aliona aibu kwamba anawaogopa wakati mtu anakata roho. Ee Mungu, alisema, nikute tu anahema.

Jua lilikuwa linashuka alipofika. Mganga Mkuu wa hospitali alimdaka getini, tai imelegea, uso unang'aa kwa jasho.

"Wameondoka. Wamefurahi sana. Wameandika nafasi ya bingwa imejazwa." Akashusha sauti. "Kijana wa dirishani amefariki. Sasa nisikilize, mdogo wangu. Ulikuwepo. Ulikuwa wodini, umehangaika naye, Mungu kampenda zaidi. Ukisema vinginevyo, wewe kazi huna, na mimi nimewadanganya wizara. Vaa koti ukamwambie mkewe."

"Hajaambiwa?"

"Nani amwambie? Wewe ndiye uliyemlaza."

Huo ndio utaratibu wa pale: habari ya kifo hutolewa na daktari aliyemlaza mgonjwa, akiwa amevaa koti. Sista haruhusiwi. Daktari wa zamu alikuwa amejifungia chooni tangu alasiri na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgongea.

Wodini kitanda cha dirishani kilizungushiwa pazia. Sista alisimama kando yake, mikono imefumbatwa, hakumtazama usoni.

Ofisini taa ilikuwa bado inawaka. Mke wa fundi alikaa kwenye kiti cha Bingwa, koti jeupe limemlalia mapajani. Walimtoa wodini walipovuta pazia, naye akaja kumsubiri mahali ambapo daktari lazima arudi. Aliposikia hatua akainuka haraka, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe.

"Shikamoo, Daktari. Usinikasirikie. Nimeona mfuko umefumuka, sindano ninayo kwenye mkoba, nikasema nisikae bure. Umechoka, eh? Wamesema uko naye nyuma ya pazia." Akalinyoosha koti, akalikung'uta, akalishika wazi kwa mikono miwili ili Bingwa aingize mikono. "Anaendeleaje?"

Mlangoni Mganga Mkuu alikohoa.

Bingwa aliutazama mfuko. Ulishonwa vizuri, kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo. Ilitosha kugeuka tu na kuingiza mikono. Alijua sentensi zote za kusema baada ya hapo, alizisema miaka yote. Aliwaza Jumatatu, vitanda barabarani, watoto. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kifo cha mtu yeyote.

Hakugeuka.

"Mama, keti," alisema. "Mume wako amefariki. Na mimi sikuwepo. Tangu alfajiri sikuwepo hapa."

"Daktari!" Mganga Mkuu alifoka.

Yule mwanamke hakuketi, wala hakulia bado. Alimtazama Bingwa, akamtazama mkubwa pale mlangoni, kisha akaangalia alichoshika mikononi, akakigeuza huku na huku kama anayekikagua sokoni.

"Lakini koti lilikuwepo," alisema.