Hodi ya Sindano

Chumba cha ushonaji cha Shangazi kilikuwa na cherehani mbili, pasi moja yenye hasira na dirisha lililokataa kufungwa. Wiki ile kilikuwa pia na majoho ya kwaya, ya zambarau, yametapakaa kila mahali: vitini, mlangoni, hata juu ya kioo, hivi kwamba aliyetaka kujitazama ilimbidi kwanza aliombe radhi joho la mtu wa besi.

Katikati ya zambarau hiyo aliketi binti ambaye wanakwaya walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa aliingia na kutoka mahali bila kusikika. Shangazi ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kushona, tena ndiye aliyeongoza kwaya. Basi Sindano alikuwa na mzazi, mwajiri na mwalimu wa kwaya, na wote watatu walikuwa na sauti moja, nayo haikuwa ndogo.

Mbali na kushona, kazi yake ilikuwa kutunga nyimbo. Kuzungumza mbele za watu hakuweza, lakini mpe vina na mizani, atakushonea ubeti usioachia uzi. Jumapili majoho mapya yangevaliwa kwa mara ya kwanza na wimbo mpya ulisubiriwa. Leo ilikuwa Ijumaa, na wimbo haukuwapo.

Haukuwapo kwa sababu Sindano alikuwa ameingiwa na shaka. Hakufiwa, hakuachwa, hakuugua. Ilitokea tu siku moja kanisani, akiimba mstari alioutunga mwenyewe, "Nimekuona, Bwana," ndipo moyo ukamuuliza kwa upole kabisa: wapi? Tangu hapo hakuwa na raha. Usiku alimwomba Mungu msamaha kwa kumtilia shaka. Halafu akajiuliza anamwomba nani. Halafu akaomba msamaha kwa kujiuliza. Alilala amechoka kama mtu aliyefua mablanketi. Kutunga wimbo mwingine wa "nimekuona" aliona ni kusema uongo kwa vina. Kutotunga nako kulikuwa kumwambia Shangazi sababu, na hilo alilihofu kuliko moto wa milele.

Kwa hiyo alishona. Na kwa kuwa siku zote alitunga huku akikanyaga cherehani, mguu ukipiga maneno yakifuata, maneno yalikuja, ila si yale yaliyotakiwa. Aliyaachia. Cherehani ilikuwa na makelele, nani angesikia?

Uzi ukakatika. Mguu ukasimama wenyewe, kama ulivyofundishwa. Mdomo haukuwa umefundishwa.

*Nabisha hodi langoni, nimechoka kusubiri,*
*Kama umo humo ndani, mbona kimya kama siri?*
*Au nabisha nyumbani, na mwenyewe kasafiri?*
*Itika, Bwana, itika, nami nipate habari.*

Kwenye meza ya pasi, fundi mwenzake aliganda. Huyu aliitwa Redio, na kama ni lazima kueleza kwa nini, basi hujawahi kukaa naye chumba kimoja.

"We Sindano! Rudia!"

"Sijasema kitu."

"Umesema. 'Na mwenyewe kasafiri!' Yesu na Maria, nimekufa!" Redio alijishika mbavu. "Huo ndio wimbo wa Jumapili."

"Dada, nakusihi. Usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani?" Redio aliuliza, na macho yake yalionyesha kwamba tayari anawapanga.

Mlango ukafunguka, Shangazi akaingia kwa kishindo. "Nani kafa humu? Nipimeni joho langu, nina safari ya kwa Mchungaji."

Akapanda juu ya kigoda, mgongo dirishani, pazia likipepea miguuni pake. Sindano akapiga magoti nyuma yake, akatia pini mdomoni kama kawaida ya mafundi, akaanza kukunja pindo.

"Wimbo uko wapi?" Shangazi akauliza akitazama mbele.

"Mm," alisema Sindano.

"Upo, Shangazi," alisema Redio. "Mzuri huo!"

"Mmm! Mmmm!"

"Mwache mwenzio aseme, na wewe usinimezee pini zangu. Imba, tusikie."

Redio akaimba. Aliimba vibaya, kwa furaha, akipiga tako la pasi kwenye meza kila mwisho wa mstari. Sindano alichomeka pini haraka haraka, bila kuangalia anachomeka wapi, kana kwamba pindo likiisha kabla ya ubeti, dhambi nayo itaisha. Ubeti uliisha kwanza. Pasi ikapumua.

"Hayo maneno," alisema Shangazi polepole, "ni ya nani?"

Sindano alitema pini kiganjani. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Yangu, Shangazi. Nisamehe. Siwezi tena kuimba kwamba nimemwona. Sijamwona."

Shangazi akashuka kigodani amgeukie. Hapo ndipo ilipobainika kwamba Sindano alikuwa amelibana joho na pazia la dirisha pamoja. Shangazi alikwenda mbele, pazia likamfuata. Pazia likaita fimbo yake, fimbo ikaita vumbi la miaka, na vyote vikamfunika Shangazi akaketi chini, puu, kama mzigo uliofika.

"Shangazi! Uko salama?"

Chini ya pazia mabega yalitikisika. Sindano alijua amemliza mtu aliyemlea. Akainua pembe ya pazia kwa vidole viwili, akachungulia.

Shangazi alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka, vumbi puani.

"Na mwenyewe kasafiri!" alisema alipopata pumzi. "Mwanangu, jambo hilo nimeliogopa tangu sijaolewa, na sijawahi kulipatia maneno."

"Shangazi! Hata wewe?"

"Unadhani ninapaza sauti vile kwa sababu gani? Anayeitikiwa upesi hapigi kelele."

"Kwa hiyo si dhambi?"

"Sijui. Mimi niulize mapindo." Akapangusa pua kwa pazia. "Ninachojua, shairi la kuuliza haliachwi hivi hivi, hujibiwa kwa vina vyake. Redio! Kaa kwenye cherehani. Kanyaga!"

"Nishone nini?"

"Usishone kitu, kanyaga tu!"

Redio akakanyaga. Shangazi, palepale sakafuni, pazia begani, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa mapigo ya cherehani, akaanza:

*Mwanangu, shika foleni, mbele yako nasubiri,*
*Miaka nipo langoni, jioni na adhuhuri,*
*Kuna siku humo ndani, nyayo husikika shwari,*
*Itika, Bwana, itika, nasi tupate habari.*

"Nyayo kweli, Shangazi?" Sindano alinong'ona.

"Au panya. Lakini nabisha."

Wakaangua kicheko wote watatu hadi jirani akagonga ukuta, na ugongaji ule nao ukawachekesha upya.

"Na Mchungaji akiuliza?" alisema Redio.

"Naye ashike foleni."

Jumapili, kwaya ikasimama kama shamba la zambarau. Sindano alikuwa safu ya mbele, mahali asipopapenda. Wakaanza ubeti wake. Watu waliokuwa wakijipepea waliacha. Bibi mmoja kiti cha mbele alitikisa kichwa, kwanza kukataa, halafu, taratibu, kukubali. Sindano aliimba macho wazi. Hakuna kilichoitika darini, hakuna nuru iliyoshuka, lakini kila neno lililomtoka kinywani lilikuwa lake, na kifua kilikuwa chepesi mno hata akahofia joho litapaa naye.

Wakafika kwenye "Itika" ya mwisho. Shangazi akainua mikono yote miwili juu, akainama kwa nguvu, na hapo hapo akatoa sauti ambayo haikuwahi kutoka katika kanisa lile, sauti ya juu, kali, ndefu, iliyotetemesha vioo.

"Amina!" waumini wakalipuka, wakasimama.

Baadaye Mchungaji angemuuliza sauti ile aliitoa wapi, naye angejibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba aliguswa. Lakini Sindano alijua papo hapo. Aliikumbuka pini ile aliyoisahau ndani ya joho, ya tatu kutoka mshono wa nyuma. Akamwangalia Shangazi, Shangazi akamwangalia yeye kwa jicho la kuua, mdomo ukianza kumchezacheza. Sindano akajiuma midomo. Haikusaidia. Akaangua kicheko palepale, safu ya mbele, kwa sauti ambayo hata aliye safarini angeisikia.