Bi Pasi Hakai

Watoto wa Bi Pasi walimpenda mama yao mno, na mapenzi hayo nusura yammalize. Msinielewe vibaya, hawakuwa watoto wabaya. Tangu kile kiharusi kidogo kimpitie na kumwachia mguu wa kushoto mzito na mkono wa kushoto usiotii amri, walimnunulia dawa bila kuchelewa na wakapunguza chumvi kwenye chakula. Hayo yote aliyakubali. Vidonge vya presha alimeza kila asubuhi bila kukumbushwa, na chakula kisicho na chumvi alikila, ingawa alikuwa akikitazama kwa huruma. Kilichomkera ni kiti.

Kiti chenyewe alikinunua Mkubwa, mwanawe wa kwanza, mtu wa ofisini. Kilikuwa kipana na laini, kimejaa mito, ukishatumbukia humo kutoka ni vita. "Kaa, mama," alisema Mkubwa. "Kaa, mama," alidakia Kitinda, binti wa mwisho aliyekuwa akiishi na mama. Anataka maji? Kaa, yanakuja. Anataka kuchungulia dirishani? Kaa, tutakwambia nani anapita. Jamani! Mwanamke aliyewalea kwa kusimama, akiwapigia pasi nguo watu wa mtaa mzima hadi jina lake halisi likasahaulika, leo akae kama mzigo unaosubiri mwenyewe?

Hoja yao ilikuwa moja: daktari kasema mama apumzike. Kweli alisema. Ila baada yake aliingia muuguzi wa mazoezi ya viungo, akasema wiki za mwanzo zikipita asimame, atembee kidogo kidogo kila siku, mkono autumie hata ukigoma, tena azungumze na watu, asijifungie. Wakati huo Mkubwa alikuwa nje anatafuta teksi na Kitinda kaenda kuchukua dawa dirishani. Aliyesikia ni mgonjwa peke yake, na mgonjwa nani anamsikiliza? Kila akilitaja jambo hilo walimpapasa bega. "Sawa mama, ukipona."

Siku moja Mkubwa alikuja na habari, tena akiwa na furaha zake.

"Mama, Jumamosi ya mwisho wa mwezi seremala anakuja kuichukua ile meza yako ya pasi. Kile chumba tutakifanya cha kulala, kiko karibu na choo, usihangaike."

Bi Pasi aligeukia mlango wa chumba cha pasi. Kwenye meza ile ndiko watu walikosimama kusubiri nguo zao, wakimwaga habari za ndoa, za kazi, za majirani, naye akicheka mpaka machozi. Ikiondoka meza, hakuna atakayepanda ngazi kumfuata huku ghorofani. Utaanza kufa mguu, kisha mkono, kisha kichwa.

"Mkiitoa meza ile," alisema, "nitakufa nimekaa."

Wakacheka! Walidhani mama anatania. Yeye alikuwa anakodolea macho shati la Mkubwa, limejikunja kama limetoka kutafunwa. Maana ukoo huu una kichaa chake: nguo ya nyumba hii haipigwi pasi na mkono mwingine. Hakuna aliyeipitisha sheria hiyo, lakini tangu mama augue, Mkubwa alikwenda kazini na makunyanzi, wenzake wakimcheka, na wala hakuwaza kulipeleka shati kwa dobi mwingine. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Mnaniheshimu mpaka mnajikunja, aliwaza Bi Pasi, ila kunisikiliza hamtaki. Haya, tutaonana.

Kuanzia kesho yake, Kitinda akishatoka kwenda sokoni, mama mtu alijikwamua kitini. Birika likiwa jikoni linachemka, alishika sinki akainua visigino, akashusha, akainua, huku akiutukana mguu wa kushoto kwa majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mkono aliupa kitambaa kibichi akauambia kamua. Ukakataa. Akaukamulisha kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Siku moja alianguka, akakaa sakafuni akilia kwa hasira, kisha akajivuta hadi mlangoni, akashika kitasa na kusimama tena.

Alipouzoea mguu, alizivamia ngazi. Chini kabisa alikuwepo fundi viatu, rafiki yake wa miaka, ambaye alipomwona alirukia kigoda chake.

"Karibu kiti, Bi Pasi!"

"Ukinitajia kiti tena tutakosana. Nipe umbea."

Akapewa umbea wa kutosha, akapanda ngazi akiwa anacheka peke yake. Hapo kati ndipo Kitinda alipomfuma, na kikapu kikamtoka mkononi.

"Mama! Unataka kujiua?"

"Piga kelele nyingine nishtuke nianguke kweli. Pita nyuma yangu. Nikidondoka, nidake. Nisipodondoka, funga mdomo."

Kitinda alipita nyuma yake, analia kimyakimya, mikono kainyoosha. Mama hakudondoka. Na Kitinda, nampa haki yake, mdomo aliufunga.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi Mkubwa alipanda na seremala, anahema, jasho linamtiririka. Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa wazi na harufu ya nguo moto imejaa hadi sebuleni. Bi Pasi alisimama mezani, nyonga kaiegemeza ubaoni, mkono mbovu umelalia shuka kuishikilia, mkono mzima unaendesha pasi.

"Mama! Kaa!"

"Sikai."

Seremala alimtazama mama, akaitazama meza. "Bosi, hii meza ina mwenyewe," alisema, akashuka zake.

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema mwanzo. Muuguzi akasema nisimame. Wewe ulikuwa unatafuta teksi."

"Na ukianguka?"

"Nilishaanguka, nikainuka. Kwenye kiti chako ndiko ningeshindwa kuinuka."

Mkubwa alifunika uso kwa viganja. "Naogopa, mama. Usiku simu ikilia tu, nakufa mimi."

"Najua, baba. Hata mimi naogopa, tena sana. Lakini ni mwili wangu, siutoi." Akainyanyua pasi. "Vua shati."

"Mama..."

"Vua!"

Akavua, kitambi nje, bado anahema. Bi Pasi alimtazama juu hadi chini.

"Unahema hivyo kwa ngazi hizi tu?"

"Ni kazi, mama. Mtu unakaa kutwa nzima..." Akajisikia anachosema. Mlangoni, Kitinda aliangua kicheko.

Pasi ilitembea polepole. Mkono wa kushoto ulivuta mkono wa shati, ukateleza, ukavuta tena, na hakuna aliyethubutu kuusaidia. Mstari mmoja ulitoka kombo. Zamani Bi Pasi asingeuacha. Safari hii aliutazama, akalikung'uta shati na kumkabidhi mwanawe.

"Kesho uje uchukue la Jumatatu. Teksi usipande, uje kwa miguu."

Mkubwa alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Kiti alichokinunua kilikuwa pale pale sebuleni, kitupu, naye miguu ikimwuma kwa zile ngazi. Hakukaa.