Loki za Magurudumu ya Mbele

"Shemeji, kamba ya kukuvuta ninayo!" mwenye gereji alipaza sauti kutoka chini ya kilima, meno yote nje.

Mama Petroli, nyuma ya usukani, alikanyaga mafuta tena. Jina hilo alilipata kwa kuosha vipuri kwenye beseni la petroli, kazi aliyopewa na shemeji yake huyo tangu alipofiwa na mume. Jana, kwa mara ya kwanza, alifunga peke yake loki za magurudumu ya mbele, zinazoyafanya nayo yavute gari. Gari likipanda kilima hiki cha tope, ataingia kwenye safu ya mafundi. Likishindwa, atarudi kwenye beseni.

Nalo lilikuwa limekwama katikati. Magurudumu ya nyuma yalirusha matope ovyo. Ya mbele yalitulia kama wakwe.

"Lisukesuke tu, mbele nyuma, litatoka," alisema mkunga, mwenye gari, aliyekaa kando yake amekumbatia mkoba.

Mama Petroli akalipeleka mbele, akalirudisha nyuma. Mbele tena, nyuma tena. Kijasho chembamba kilimtoka, hata akasahau jinsi loki alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe zinavyofanya kazi. Ndipo akasikia chini ya gari: kach.

"Aka! Mjinga mimi!" Akajipiga paji la uso, akaangua kicheko.

"Limeharibika?"

"Wala, dada. Hizi loki hujifunga zenyewe. Gari likianza kwenda, shafti inasukuma kijino, kinashika gurudumu. Ukigeuza mwelekeo, kinaachia kwanza. Sasa mimi kila nikirudi nyuma nazifungua, halafu nakanyaga mafuta kabla hazijashika!"

"Basi acha kurudi nyuma, mwanamke wewe! Wajawazito wananisubiri huko juu."

Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole mno. Gari likajongea kidogo. Kach. Hapo ndipo akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yaling'ang'ania tope, na gari likapanda likiguna hadi kileleni, mkunga akipiga vigelegele dirishani. Mama Petroli alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Mkunga alishuka akaenda zake kliniki, akiagiza aletewe gari jioni. Mwenye gereji akafika kwa miguu, matope magotini, anahema. Alizunguka upande wa dereva, akasita, kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha abiria.

"Haya, nishushe kilima taratibu, fundi."

"Umesemaje, shemeji?"

"Umenisikia bwana!"

"Sikusikia. Injini inapiga kelele."

Injini ilikuwa inanguruma chini kwa chini. Mama Petroli akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, akasubiri aitwe hivyo tena, hana haraka yoyote.