Shemeji Apandishwe Kidogo

Washindani walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alituletea shairi lake alilorekodi mwenyewe kwa simu. Mmoja alirekodia chooni, mwingine jirani na jenereta. Kazi yangu pale redioni ilikuwa kuzisawazisha sauti, ili msikilizaji apigie kura maneno, si kelele. Naandika amri ya mstari mmoja kwenye kompyuta, programu inapima kila faili, iliyo chini inapandishwa, iliyo juu inashushwa.

Aliyesikika kwa shida kuliko wote alikuwa fundi cherehani, mjane. Alisomea ndani ya kabati la nguo ili watoto wasimsikie, akimweleza marehemu mumewe kwamba shati lake bado halijawekwa vifungo. Nilipompandisha, mwili ulinisisimka. Mshindi angepewa kipindi cha kila wiki. Kwangu, kilikuwa chake.

Bosi akaingia akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Kijana, shemeji yangu umemfanyaje? Mbona amepoa?"

"Nimemsawazisha, bosi. Alikuwa anabweka kama yuko mnadani."

"Basi mpandishe kidogo. Hao wengine washushe. Nani atajua?"

"Mimi."

Akacheka, akaitema njiti juu ya kibodi yangu. "Wewe na mashairi yako! Hebu toka hapo."

Akakalia mitambo mwenyewe. Kipindi kilipoanza kwenda hewani, kidole chake kinachong'aa mafuta kikawa kinasukuma kitufe cha sauti: shemeji juu, wengine chini. Vina vya shemeji vilikuwa vya kuokoteza, lakini vilijaa chumba kizima. Zamu ya fundi ilipofika, kidole kikashuka mpaka mume, shati na vifungo vikawa mlio wa mbu.

Nikatoka. Kwenye korido washindani walikuwa wameizunguka redio. Fundi ameinamisha kichwa.

"Kosa langu, mdogo wangu," akaniambia. "Sikutoa sauti."

Hapo ndipo nyongo iliponipanda kweli. Mtu anaibiwa, halafu yeye ndiye anaomba radhi!

"Hukukosea, dada. Nilikuweka sawa na shemeji yake bosi. Bosi anakushusha kwa mkono, sasa hivi. Njooni wote mwone."

Nikausukuma mlango wa studio, nikaushikilia wazi. Wengine walisitasita, wakitazamana.

Fundi ndiye aliyetangulia kuingia.