Kichwa cha Hilda

Wewe unayesoma, nakutegea, na usimchungulie jirani: nyumba ina mlango mmoja, haina komeo, mwenyewe akiufunga kutwa nzima majirani wanajua ndani kuna jambo. Ni nini? Umeshindwa, nipe mji. Bunda siutaki, nina mashemeji wengi mno pale. Nipe Musoma. Haya, nimekwenda Musoma, nimekula sato wa kukaanga mpaka nikalamba vidole. Jibu ni mdomo.

Sisi wa Mugango mdomo hatuufungagi. Mtu akikupita njiani bila salamu, ujue mmegombana, au ana msiba. Kwa hiyo binti yangu Hilda, anayesomea ufugaji wa samaki kule Thailand, aliponiambia kuna mahali watu wanakaa siku nyingi bila kusema neno, na kwamba ameweka nadhiri ya kukaa pale na anataka niende nikae naye, nilimuuliza wamegombana na nani.

Alicheka kwenye simu, kicheko kifupi. Akasema ni nyumba ya Wabudha ya kutafakari, hakuna atakayenibadilisha dini, niende na rozari yangu. Tiketi akatuma.

Sikutaka kwenda. Mume wangu Masatu alikuwa ametoka hospitali kwa presha, bado akiinuka anashika ukuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifukuza. Alisema mtoto hamwiti mama yake mbali hivyo kwa kutembea tu, nenda ukamwone. Mwanangu Danford akaahidi kulala chumba kimoja na baba yake.

Hilda alinipokea uwanja wa ndege, rasta zake ndefu mgongoni, lakini amekonda. Kila nilipomuuliza habari zake, yeye aliniuliza za baba. Kesho yake tukapanda basi mpaka mahali penyewe, mlimani, msitu mtupu na vibanda vya mbao. Mama mmoja wa ofisini, mwenye uso wa upole, akachukua simu zetu akazifungia kabatini. Hilda akanieleza masharti: kusema hakuna, kula jioni hakuna, kuua hata mbu hakuna. Kengele ya alfajiri ikilia, ndiyo basi. Kisha akaenda kulala upande wa wanawake wanaovaa nyeupe.

Asubuhi nikiwa kwenye foleni ya uji wa mchele nikaona mwanamke anakuja, kanzu nyeupe, kichwa kimenyolewa kinang'aa, hata nyusi hana. Nikasogea kumpisha. Nikamjua kwa mwendo. Alikuwa Hilda.

Wajukuu wangu wa mjini huenda hamjui. Kwetu hatunyoi siku ya kifo. Watoto wa marehemu wananyolewaga siku ya kuanua matanga, marehemu ameshalala kaburini na wageni wanafunga mizigo. Nilipoona kichwa kile sikuwaza Wabudha, niliwaza Masatu. Wanawake wengine wa nyeupe nao walikuwa wamenyoa, niliwaona, lakini wale si wanangu. Nikasema moyoni, mzee amekufa mimi nikiwa angani. Wamezika, wameanua, na huyu alijua tangu uwanja wa ndege. Ndiyo maana amekonda.

Nikamshika mkono, nikamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani, "Hilda, nani amekufa?"

Aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye bakuli lake, akasogea na foleni.

Basi mimi nikawa mjane wa kimyakimya. Tunakaa kwenye mikeka, tumefumba macho, unatakiwa kuangalia pumzi yako tu inavyoingia na kutoka. Yangu ilikuwa inakimbia kama mbuzi aliyeona fisi. Tunainuka, tunatembea polepole kama watu wanaomnyatia kuku, na mimi nanyata na maiti ya Masatu kichwani. Nani alimvalisha? Danford hajui hata suti iko sanduku gani. Na dada zake Masatu wa Nyamuswa, nawaona wamekaa jikoni kwangu wanaambiana kwamba mke alikwenda kutalii. Mbu akaniuma shavuni, nikampiga kofi, ukumbi mzima ukageuka. Hilda peke yake hakugeuka. Nikishika rozari, nafika pale pa saa ya kufa kwetu, nakwama, narudia mwanzo.

Mwishowe nikashindwa. Nikaenda ofisini kwa yule mama. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, tena la zamani, na yeye mwenyewe alikuwa ananyamaza. Nikaweka mkono sikioni nikamwonyesha simu. Akanitazama kwa huruma, akafungua droo, akanipa dawa ya kuchua, akanionyesha nipake nyuma ya sikio. Nikapaka, ningefanyaje. Halafu nikakaa chini sakafuni kwake nikalia, miguu nimenyoosha mbele kama tunavyolia nyumbani. Hapo alielewa. Alifungua kabati.

Danford alipokea. Kabla sijamaliza kumuuliza, nikasikia sauti nyuma yake ikilalamika kwamba uji hauna sukari. Nikaomba nipewe huyo anayelalamika.

"Mama Hilda," Masatu akasema, "mbona unalia kwenye simu? Kwani nimekufa?"

Nikamwambia nilisikia vibaya tu. Nikamuuliza kama kuna msiba wowote kwa ndugu. Akafikiri, akasema hakuna, ila ng'ombe wa jirani yetu Apolinary amekufa kwa kula mfuko wa nailoni. Akaniuliza Hilda hajambo. Nikasema hajambo. Akasema nimwangalie vizuri.

Nilifurahi mpaka mlangoni. Pale mlangoni nikayakumbuka machozi kwenye bakuli. Kama si Masatu, huyu mtoto anamlilia nani? Mwanzoni hofu yangu ilikuwa na jina na sura, nilijua nimlilie nani. Sasa haikuwa na kitu, na ilikuwa kubwa zaidi.

Nikaacha kuangalia pumzi, nikamwangalia yeye. Niliona anavyokaa, viganja kwenye mapaja, amevikunja kama amebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Niliona kwamba asubuhi wenzake wanapoweka maua mbele ya sanamu ya dhahabu, yeye anaweka kipakiti kidogo cha maziwa, anatoboa na mrija kabisa. Nimezaa, nimelea, nimezika. Niliona, na nikaogopa kuelewa. Nikajiambia labda ndivyo wanavyofanya huku.

Siku ya mwisho kengele ikalia, na watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja kama soko la Bunda limefunguliwa. Wanakumbatiana, wanacheka, mzungu mmoja anaimba. Hilda alikuja akakaa kwenye ngazi ya kibanda changu. Nikakaa chini yake, ngazi moja, nikamwambia aniinamie. Nikapitisha mkono kwenye kichwa kile. Vinywele vilikuwa vimeanza kuota, vinachoma kiganja.

Nikamwambia nimeongea na baba yake, ni mzima, anagombania sukari. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka kama wa mtoto mdogo.

"Hilda," nikasema, "nilikuuliza kwenye foleni."

"Nilisikia, mama."

Nikangoja. Huko nilikuwa nimejifunza kungoja.

"Mwanangu," akasema. "Mama, ni mwanangu wa kike. Nilizaa, sikuwaambia, nilimwogopa baba. Alikuja kabla ya wakati wake, akakaa kidogo tu, akaenda. Huku hawaziki, wanachoma. Nilikuwa mimi na nesi. Nimekuita kwa sababu sikutaka kuanua matanga peke yangu."