Akiba ya Vidole Viwili

Kidoti, binti wa fundi wa nguo, aliweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na bakuli la vifungo, akashusha pumzi. Bango la duka la mama yake lilitakiwa kwa mpiga chapa kabla ya adhuhuri. Miaka minne ya kusomea usanifu wa picha chuoni, na mama bado aliwaambia wateja, "Binti yangu anachezea picha." Leo Kidoti alitaka mama aone kwamba ile nayo ni kazi.

Jana bango lilikuwa vurugu tupu: gauni huku, cherehani kule, jina la duka limening'inia katikati kama nguo iliyosahaulika kambani. Asubuhi alivikusanya vyote ndani ya mstatili mmoja mwekundu. Vikatulia.

Mama alisogeza miwani. "Mbona umenifungia kabatini?"

"Ni fremu, mama. Inashika vitu pamoja, jicho lisitangetange."

"Kushika sawa. Lakini hii imebana. Herufi zimegusa ukuta, gauni halina pa kuhemea. Akiba iko wapi?"

"Akiba gani tena?"

Mama akanyakua sketi iliyokuwa kwenye cherehani, akaipindua. Kando ya mshono kulikuwa na kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. "Hii. Mteja akinenepa, nafumua hapa. Wewe umenikata saizi kamili. Kesho nikiongeza suti kwenye bango, si nitapasuka mbele za watu?"

Kidoti alicheka, kisha akaichukua sketi. Chuoni walimfundisha nafasi ya pembeni, akaipima kwa namba, akafaulu mtihani. Hakuwahi kuishika kwa mkono. Akapitisha kidole kwenye kile kitambaa ambacho mteja hatakiona, na ambacho mama alikuwa amekiacha kwa ajili ya mwili ambao bado haujaja.

Akarudi kwenye kompyuta, akaipanua fremu. Akafuta mstari wake kidogo pale chini, pindo la gauni likatokeza nje kama mtu anayetoka mlangoni.

Mama aliweka vidole viwili juu ya kioo cha kompyuta, kati ya jina na mstari wa fremu. Vikaenea. Akahamia upande wa pili. Vikaenea.

Mteja mmoja alichungulia mlangoni. "Hodi! Fundi yupo?"

"Unamtaka yupi?" mama akajibu, macho bado kwenye kioo. "Tuko wawili."